Mchagua raketi ndiye mchezaji

METHALI yetu yasema mchagua jembe si mkulima. Shambani naikubali. Katika uwanja wa tenisi naipinga, na shahidi wangu ni kiwiko changu cha mkono wa kulia.

Miaka kadhaa iliyopita jamaa yangu aliniletea raketi kutoka Ulaya. Ilikuwa nyepesi, ngumu, inang'aa, tena ya aina ileile aliyotumia bingwa tuliyezoea kumtazama kwenye televisheni. Niliichezea miezi mitatu kwa fahari. Mwezi wa nne sikuweza kuinua birika la chai. Daktari alinibonyeza upande wa nje wa kiwiko, nikaruka kitini. Alinieleza kwamba kano zinazounganisha misuli ya mkono na mfupa pale kiwikoni zilikuwa zimechoka na kuanza kuharibika kidogo kidogo.

Maradhi hayo huitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi. Humpata seremala anayekaza skrubu kutwa, mpaka rangi, na mama anayekamua nguo za familia nzima. Huwapenda hasa watu wa umri wa kati, wale ambao mikono yao ndiyo inayolisha nyumba. Mkono unaoumizwa uwanjani Jumamosi ndio unaotakiwa kazini Jumatatu. Hapo ndipo raketi inapokuwa jambo la afya.

Sisemi haya ili kumtisha mtu asicheze. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa Copenhagen, nchini Denmark, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wacheza tenisi waliishi takriban miaka 9.7 zaidi ya watu wasiofanya mazoezi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kuwa tenisi peke yake ndiyo iliyowaongezea umri, kwani huenda walikuwa na maisha mazuri tangu mwanzo. Lakini kwetu sisi wa kisiwani, tunaoanza siku kwa mahamri na kuimaliza Ijumaa kwa biriani, huku kisukari na shinikizo la damu vikibisha hodi kila nyumba, mchezo wa kukimbia na kucheka na wenzako ni dawa tusiyopaswa kuitupa.

Basi tuchagueje? Tuwaige mafundi wetu wa kanzu wa Mji wa Kale. Fundi hakuulizi mtu mashuhuri huvaa kanzu ya urefu gani. Huchukua futi yake akakupima mabega. Raketi nayo ipimwe kwa mwenyewe.

Anza na mpini. Ushike kama unavyoushika unapopiga mpira, kisha ujaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili katika nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia sawasawa, mpini unakufaa. Kisipopata nafasi, mpini ni mwembamba na utalazimika kuubana sana. Nafasi ikizidi, ni mnene. Ukiwa kati ya vipimo viwili, chukua ulio mwembamba, kwa sababu kuunenepesha kwa gripu ya juu ni rahisi kuliko kuupunguza.

Pili ni uzito. Wengi hudhani raketi nyepesi ndiyo huruma kwa mkono. Sivyo kila mara. Raketi nyepesi mno husukumwa na mpira, na mtikisiko wote huishia kiwikoni. Nzito mno nayo huchosha bega. Mtu mzima anayecheza kwa afya atafaidika zaidi na raketi ya gramu 280 hadi 300 hivi, isiyo ngumu sana, yenye kichwa cha inchi 100 za mraba au zaidi kidogo. Pete Sampras alishinda kwa kichwa cha inchi 85 na raketi aliyoiongezea uzito wa risasi. Lakini yeye alikuwa Sampras, na mimi na wewe tunacheza baada ya kazi.

Tatu ni nyuzi, na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Mtu hununua raketi ghali, kisha akatiwa nyuzi za poliesta zilizokazwa kama ngoma kwa kuwa ndizo za mabingwa. Nyuzi hizo ni ngumu na hupoteza mnyumbuko mapema. Kwa kiwiko chenye lalama, nailoni laini iliyokazwa ratili 50 hadi 53 ni bora zaidi. Ukilegeza nyuzi, mpira huenda mbali na mkono hupata nafuu. Ukizikaza, unaudhibiti mpira zaidi, lakini mkono ndio unaolipa gharama. Mabadiliko ya ratili 2 tu utayahisi. Nyuzi za utumbo wa ng'ombe ndizo laini kuliko zote, ila unyevu wa pwani yetu huziharibu upesi.

Hali ya hewa ya Mombasa ina neno jingine. Wakati wa kaskazi, kiganja hutiririka jasho hata kabla ya seti ya kwanza kwisha. Mpini ukiteleza, unaubana bila kujijua, na kubana huko ndiko kunakokaza misuli inayovuta kiwiko. Kwa hiyo, kwa bei yake ndogo, gripu mpya inaweza kukukinga kuliko raketi mpya. Ibadilishe ikianza kuteleza, beba taulo, wala usiache raketi ndani ya buti la gari juani, kwani joto hulegeza nyuzi.

Ukitaka kuongeza vipande vya risasi kwenye raketi, ongeza gramu 2 au 3 tu kwa wakati mmoja. Ukivibandika kwenye ubavu wa kushoto na wa kulia, raketi haitapinduka mkononi mpira ukigonga pembeni. Ukivibandika kwenye ncha, nguvu huongezeka, na uchovu pia. Kumbuka risasi ni sumu: ifunike kwa utepe, nawa mikono, na watoto wasiishike.

Watoto hao pia tuwahurumie. Tangu Angella Okutoyi atwae taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon mwaka 2022, wazazi wengi wana ndoto. Lakini mtoto wa miaka 8 akipewa raketi ya baba yake ya inchi 27, hufundishwa maumivu kabla ya mchezo. Yake ni ya inchi 23 au 25.

Maoni yangu ni haya: vilabu vya hapa kisiwani viwe na raketi chache za kujaribia, na wauzaji wakubali mteja apige mipira kabla ya kulipa. Anayekataa raketi yake isijaribiwe anauza jina. Nawe msomaji, kiwiko kikianza kuuma, usikifunge kitambaa ukaendelea. Pumzika, mwone daktari, kisha uitazame raketi yako upya.

Ile yangu ya Ulaya ingali ukutani, inang'aa. Ninayochezea sasa imefifia rangi, na mpini wake nimeufunga gripu mara mbili. Asubuhi naimiminia familia chai kwa mkono wa kulia.