Wanabomoa Ukuta Unaowapa Kivuli



Ndugu yangu, dada yangu, soma hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Wiki mbili zilizopita, baada ya Isha, jirani yangu alinigongea mlango. Ni mama Mkristo, ana watoto watatu, na watoto wake hawaendi shule. Anawasomesha mwenyewe pale sebuleni kwa vitabu vya Kikristo kutoka Marekani. Ni vile vijitabu vyembamba wanavyoviita PACE, vya mpango ulioanzishwa Texas mwaka 1970. Mtoto anajaza kimoja akimaliza anachukua kingine, na akikwama anasimamisha kibendera kidogo mezani mpaka mama aje. Sasa mzee wa mtaa alikuwa amemwambia aandike barua aeleze kwa nini watoto hawako shule, la sivyo jina lake litafika kwa chifu. Akaniambia, "Kaka, sijui niende kwa nani. Nimesikia nyinyi ndio mnashughulika na mambo ya haki."

Nilipowaeleza wenzangu, bila kutaja jina, jibu la kwanza lilikuwa: "Waache nao waonje." La pili: "Si hawa ndio walituzunguka makanisani 2010 wakipiga kampeni ya La kwa sababu ya Kadhi?"

Uchungu huo naujua, hata mimi ninao. Lakini nasema tutamsaidia huyu mama. Na nasema pia kwamba katika kimoja cha vitabu vyake kuna uongo wenye hatari kwake na kwetu sote. Nayashika yote mawili kwa mkono mmoja, na nitakueleza kwa nini.

Alinionyesha kitabu cha historia cha mtoto wake mkubwa. Somo lenyewe ni hili: Marekani iliasisiwa iwe taifa la Kikristo, habari ya kutenga dini na serikali ni uzushi wa majaji wa juzijuzi, na mwaka 1962 mahakama ilimfukuza Mungu shuleni. Somo hili haliko kwenye kitabu kimoja tu. Wazazi wengi Wakristo wanaosomesha nyumbani kule Marekani wamelishwa hilo kwa miaka. Mhubiri wake mkubwa ni David Barton. Mwaka 2012 alitoa kitabu juu ya Thomas Jefferson, na mwaka huo huo mchapishaji wake, Thomas Nelson, kampuni ya vitabu vya Kikristo, akakiondoa sokoni baada ya wasomi, wakiwemo Wakristo wenzake, kuonyesha makosa yaliyomo.

Sasa hebu tuangalie ukweli wenyewe.

Katiba ya Marekani iliandikwa 1787. Isome yote. Hutakuta mahali inaposema taifa hili ni la Kikristo. Utakachokuta ni Kifungu cha 6, kinachokataza mtu kupimwa kwa dini yake ndipo apewe kazi ya serikali. Mwaka 1791 yakaongezwa Marekebisho ya Kwanza: Bunge lisitunge sheria ya kusimamisha dini, wala ya kuwazuia watu kufuata dini yao. Mambo mawili kwenye sentensi moja. Ukikata nusu, nusu iliyobaki haisimami.

Lile neno "ukuta" kati ya dini na serikali linatoka kwenye barua ya Jefferson ya tarehe 1 Januari 1802. Aliwaandikia akina nani? Wabaptisti wa Danbury, jimbo la Connecticut. Jimbo hilo lilikuwa na kanisa lake rasmi, na Wabaptisti walikuwa wachache wanaolalamika kwamba uhuru wao wa dini unachukuliwa kama fadhila ya serikali wakati ni haki yao. Kwa hivyo tusidanganyane. Walioandikiwa maneno yale walikuwa Wakristo walioumizwa na Wakristo wenzao waliokuwa na serikali mkononi. Makafiri hawamo kwenye hadithi hiyo.

Kuna la 1786 pia, na hili kila Muislamu alijue. Virginia ilipopitisha sheria yake ya uhuru wa dini, kuna wabunge waliotaka jina la Yesu liingizwe ndani. Wengi wakakataa. Jefferson mwenyewe aliandika baadaye kwamba kukataa kule kulionyesha sheria imekusudiwa kumlinda Myahudi, Mkristo, Muislamu, Mhindu na hata asiyeamini. Halafu 1797 Seneti ya Marekani, bila sauti hata moja ya kupinga, ikaupitisha mkataba na Tripoli, dola ya Kiislamu. Kifungu cha 11 kinasema wazi kwamba serikali ya Marekani haikujengwa juu ya dini ya Kikristo. Aliyetia saini ni Rais John Adams, mmoja wa hao hao waasisi.

Kwenye kitabu cha jirani yangu, Tripoli haimo. Nilitafuta.

Tuje kwa uhuru wa kusomesha mtoto nyumbani. Wazazi hawa waliupata wapi?

Mwaka 1844 mjini Philadelphia, Wakatoliki waliomba watoto wao wasilazimishwe kusoma Biblia ya Kiprotestanti katika shule za umma. Ghasia zikazuka, watu wakauawa, makanisa mawili ya Kikatoliki yakachomwa moto. Mwaka 1922 Oregon ikapitisha sheria ya kuwalazimisha karibu watoto wote wasome shule za umma, na miongoni mwa walioisukuma walikuwa Ku Klux Klan, lengo likiwa kuzifunga shule za Wakatoliki. Watawa wa Kikatoliki wakaenda kortini, na 1925 Mahakama ya Juu ikasema mtoto si kiumbe cha serikali tu. Mzazi ana haki ya kuelekeza malezi na masomo yake. Mwaka 1943 Mashahidi wa Yehova wakashinda: mtoto asilazimishwe kusalimu bendera. Mwaka 1972 Waamish wa Wisconsin wakashinda: watoto wao wasilazimishwe kuendelea na shule baada ya darasa la nane.

Watawa, Mashahidi, Waamish. Wote wachache, wote walidharauliwa na wengi wa wakati wao. Mlango ulipokwisha kufunguliwa ndipo wakapita wazazi Wakristo wa kusomesha nyumbani. Miaka ya 80 walikuwa bado wanaburutwa kortini. Walianzisha chama chao cha mawakili mwaka 1983, na kufikia 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yamekubali. Wallahi nawapa heshima yao. Walijipanga, walichanga, walikwenda kwa majaji na kwa wabunge, hawakuchoka. Sisi tuna la kujifunza hapo.

Lakini angalia wanachomfundisha mtoto kwenye hiyo sebule iliyolindwa na ukuta: kwamba ukuta ni uongo, ubomolewe.

Hiyo 1962 wanayoililia ilikuwa nini? Bodi ya elimu ya jimbo la New York ilitunga sala ya maneno 22 isomwe shuleni. Wazazi wakashtaki, na Mahakama ya Juu ikasema serikali haina kazi ya kutunga sala. Mtoto kuomba mwenyewe hakukukatazwa. Aliyefukuzwa ni karani wa serikali, Mungu hakuguswa. Nikamuuliza jirani yangu: "Mama, umewatoa wanao shule kwa sababu huiamini serikali na imani yao. Sasa mbona unataka serikali hiyo hiyo iwatungie sala?" Alinyamaza kidogo, halafu akacheka. Akasema swali hilo hajawahi kuulizwa.

Juni 2024, gavana wa Louisiana alitia saini sheria ya kubandika Amri Kumi katika kila darasa la shule ya umma. Sheria yenyewe imechagua maneno gani ya Amri Kumi yaandikwe. Fikiria hapo. Myahudi, Mkatoliki na Mprotestanti hata kuzihesabu hizo amri hawahesabu sawa. Nani ampe mwanasiasa kazi ya kuamua? Miongoni mwa wazazi walioenda kortini kuipinga alikuwemo mchungaji wa Kipresbiteri. Huyo anaelewa. Anajua serikali ikishika neno la Mungu leo kulibandika, kesho italishika kulihariri.

Utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi tulio Kenya?

Kwanza, yanatuhusu kama Waislamu. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wazazi wa Maryland waliotaka kuambiwa mapema na kuwatoa watoto wao darasani vinaposomwa vitabu vya hadithi vya mambo ya jinsia na mashoga. Jina la kwanza kwenye kesi hiyo ni Mahmoud, baba Muislamu, na pamoja naye walikuwa Wakristo. Walishinda kwa majaji 6 dhidi ya 3, na mahakama iliegemea sana ile kesi ya Waamish ya 1972. Umeona mambo? Haki aliyoipigania mkulima wa Kiamish imemfikia Muislamu miaka 53 baadaye. Haki haiulizi dini. Ndiyo maana inafaa.

Pili, yanatuhusu kama Wakenya. Mwaka 2010 kituo cha mawakili kilichoanzishwa na mhubiri Pat Robertson kule Marekani kilifungua tawi Nairobi, na tawi hilo likaipinga rasimu ya Katiba, moja ya sababu zake ikiwa Mahakama za Kadhi. Hapa kwetu wapinzani wa Kadhi walituambia dini na serikali vitengane. Kule kwao watu wa mrengo huo huo wanafundisha kwamba kutenga dini na serikali ni uzushi. Ukuta wakiwa wengi haupo, Waislamu wakiomba chochote ukuta unajengwa usiku mmoja. Hiyo si kanuni, hiyo ni hesabu ya kura.

Najua nitaulizwa: na Kadhi je, si serikali kushika dini? Swali ni halali, lijibiwe bila matusi. Kifungu cha 170 kinaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, na pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Hakuna Mkristo anayeburutwa kwa Kadhi. Na Kifungu cha 8 cha Katiba hiyo hiyo kinasema hakutakuwa na dini ya serikali. Mimi navikubali vyote viwili, sichagui.

Tatu, na hapa ndipo nitakapowaudhi wengine, yanatuhusu kwa sababu ugonjwa huu hata sisi tunao. Tulipolia kesi ya hijabu ya Isiolo, tulisema Kifungu cha 32, uhuru wa dini, kwa sauti. Mahakama ya Rufaa ikatupa haki 2016, na 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi ule kwa sababu za utaratibu wa kesi. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Sasa anapokuja mama Mkristo na Kifungu hicho hicho mkononi, tunasema "waache waonje"? Basi hatukuwa tunatetea haki. Tulikuwa tunatetea zamu yetu.

Fikiria kwa hesabu ya kawaida tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimisha mzazi ahakikishe mtoto yuko shule, na kusomesha nyumbani haikukuwekea wazi. Leo anayeulizwa ni huyu mama na vijitabu vyake. Kesho ni mzazi aliyempeleka mwanawe tahfidh miaka miwili. Kesho kutwa ni duksi. Mzee wa mtaa ni yule yule, barua ni ile ile.

Simaanishi mzazi afanye atakalo. Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya elimu, na haki hiyo ni ya mtoto, si ya baba wala ya mchungaji wala ya ustadh. Serikali ina haki ya kuja kuuliza: huyu mtoto anajua kusoma? Anajua hesabu? Ana afya? Haina haki ya kuuliza anasoma kwa kitabu cha dini gani. Na sisi pia tukubali kuulizwa. Mtoto anayekaa duksi miaka minane akatoka hajui kuandika jina lake kwa Kiswahili, tumemdhulumu wenyewe, tusimsingizie mtu.

Basi barua tuliiandika, mimi na yeye, kwenye meza yao ya kulia, watoto wakiwa pembeni na vibendera vyao. Tulitaja Kifungu cha 32 na cha 53. Tuliambatanisha kazi za watoto: hesabu, kusoma, sayansi. Mzee wa mtaa ameipokea, bado hajajibu. Tunangoja pamoja.

Kabla sijaondoka nilimwachia karatasi moja niliyoandika kwa mkono: Virginia 1786, Tripoli 1797, Danbury 1802. Nikamwambia, "Mama, mtoto akifika kwenye ile sura, msomeshe na hii." Akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu.

Nawe, siku jirani yako wa dini nyingine atakapokugongea mlango, utamwambia nini? Jibu uliandae sasa. Siku yetu ya kugonga mlango wake itafika pia.

Wabillahi tawfiq.