Kwa Ajenti wa AI, Mwongozo Ndio Sheria

Leo sina kichekesho. Nina hasira, na imesababishwa na kitu ambacho wengi wenu hamjawahi hata kukifungua: mwongozo wa kutumia programu.

Mwaka jana nilikuwa nasaidia kwa saiba ya binamu yangu hapa Bute. Msimu wa basari ulipofika, wazazi wakaanza kuingia kutoka Gurar, Korondile, Danaba. Kila mmoja na bahasha yake: barua ya shule, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala ya kitambulisho cha mzazi. Sisi tunaskani, tunatuma kwa imeli. Kazi inachosha, na netwaki ya huku mnaijua wenyewe.

Basi nikajifanya mjanja. Nikapata API moja ya kutuma mafaili kwa imeli, imetengenezewa maajenti wa AI. Ajenti hapa si yule wa M-Pesa. Ni programu unayoipa kazi, inasoma maelezo, inajiamulia hatua, inatenda. Nikampa mwongozo, nikampa folda, nikamwambia: kila shule itumie karatasi za mwanafunzi wake.

Mwongozo ulikuwa na mfano mmoja tu. Jina la folda hapa, anwani pale, tuma. Haukusema popote kwamba ukitaja folda kuu, kila kilicho kwenye folda ndogo ndani yake kinaenda pia. Ajenti akataja folda kuu. Shule moja ikapokea karatasi za familia 11, na mimi nikaletewa jibu safi kabisa: imefaulu.

Nilipowaambia wenye karatasi, mzee mmoja alinitazama tu, kisha akauliza, "Adeer, kitambulisho changu sasa kiko kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Najua kuna mtu Nairobi anasema, "Si ni kopi ya ID tu, bro?" Tulia. Huku kwetu kitambulisho si kadi ya kuingilia jengo. Kwa miaka mingi, kijana wa kaunti hizi alipoomba ID alikaa mbele ya kamati ya msasa kuthibitisha kwamba yeye ni Mkenya, jambo ambalo wenzake wengi wa kaunti nyingine hawakuulizwa. Msasa huo wa ziada Rais Ruto alitangaza kuuondoa akiwa Wajir, Februari 2025. Juzi tu! Na nenda Garissa uulize kuhusu Wakenya ambao wakati wa njaa waliandikishwa kambini kama wakimbizi ili wapate chakula. Alama za vidole zikabaki kwenye sajili ya wakimbizi, na walipoenda kuomba ID wakaambiwa wao si raia. Hao wanajua vizuri maana ya taarifa zako kukaa mahali pasipofaa. Unaweza kuzifukuza miaka na miaka.

Sasa turudi kwa mwongozo.

Wenye kutengeneza hizi programu wana msemo wao: siku hizi hakuna haja ya kuandika sana, AI itajielewa. Mimi nasema ni kinyume kabisa. Binadamu akisoma mwongozo mbovu anasita. Anapiga simu, anauliza rafiki, anajaribu kwanza na faili la mchezo. Ajenti anaweza kuziba pengo kwa kukisia, kisha akatenda kwa sekunde mbili. Kile ambacho mwandishi hakuandika, ajenti anajiandikia. Ndiyo maana nasema kwake yeye mwongozo ndio sheria.

Na imeli haisamehi. Ikishatoka kwenye seva yako ikapokelewa na seva ya mwingine, huna mkono wa kuirudisha. Faili lililotumwa kwa linki angalau unaweza kuifunga hiyo linki, kama hajalipakua. Kiambatisho kikifika, kimefika. Hilo peke yake lilistahili kuandikwa mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Kuna na hili neno "imefaulu". API nyingi zikijibu 202 maana yake ni moja: ombi lako limepokelewa, litashughulikiwa. Haimaanishi imeli imefika. Hata seva ya imeli ikijibu 250, imekubali kuibeba tu. Mwongozo usipolieleza hilo, ajenti anakuambia kazi imeisha, mzazi anarudi nyumbani ameridhika, na barua imekwama njiani. Tarehe ya mwisho ya basari haingoji.

Halafu ukubwa. Faili likisafiri kwa imeli kwa kawaida hugeuzwa kuwa maandishi, na hapo linaongezeka kama theluthi moja. Skani ya MB 20 inakuwa karibu MB 27, na seva kibao zinaikataa. Halafu netwaki ikikatika katikati, ajenti ajaribu tena au asubiri? Akijaribu tena, itaenda mara mbili? Aliyeandika mwongozo akiwa na faiba ofisini hakuwaza swali hilo. Bute ni swali la kila siku.

Mtaniambia kosa ni langu. Ni kweli, sehemu yake ni yangu. Nilipaswa kujaribu kwanza na faili moja tupu. Nilipaswa kumfunga ajenti asitume chochote kabla sijaona anwani na orodha ya mafaili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamgusa hata mwenye saiba ya mlango mmoja: data ya mtu ikivuja na kuna hatari ya kweli kwake, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Lakini kosa langu halifuti la aliyeuza kisu bila kusema upande gani unakata. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliambia serikali yenyewe kwamba ilikosea kuanza kutoa kadi za Huduma bila kwanza kupima athari zake kwa data za watu. Kama serikali inaambiwa, kampuni ya programu ni nani?

Ninachotaka si kikubwa. Andikeni nini hasa kinatumwa. Andikeni kisichoweza kurudishwa. Andikeni "imefaulu" inamaanisha nini, na kikishindikana mtu afanye nini. Wekeni mfano wa kosa, si wa mafanikio peke yake. Na iandikwe pia kwa Kiswahili, maana anayemwagiza ajenti huku ni kijana wa Form Four kwenye saiba, hana injinia wa kumpigia.

Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu mali ni zile karatasi kwenye bahasha. Daftari ndilo hilo mliloona uvivu kuliandika.

Anayebisha, abishe. Lakini aanze kwa kumjibu yule mzee.