Siku Moja Mjini Amsterdam: Kwanza Picha, Kisha Mashua

Uko mji katika Uholanzi uliojengwa juu ya matope, nao ni Amsterdam. Wageni waufikiao kwa siku moja au mbili hukutwa na swali lile lile: je, waende kutazama picha za wachoraji mashuhuri katika jumba la makumbusho, au wapande mashua wazunguke katika mifereji ya mji? Wengi huchagua moja wakaacha la pili. Wako pia wafanyao yote mawili, lakini kwa siku mbalimbali, wasione lipi linahusiana na lipi. Hiyo ni hasara, kwa maana picha iliyo kuu kupita zote katika mji ule ni picha ya walinzi wa mji, na mashua ndiyo imwonyeshayo mtu kitu walichokuwa wakikilinda.

Utaratibu ulio bora ni kuanza na picha asubuhi, na mashua iwe ya baadaye. Sababu ya kwanza ni miguu. Jumba la makumbusho la taifa, liitwalo Rijksmuseum, lina vyumba vya maonyesho vipatavyo 80, na hata mtu aliyezoea gwaride huchoka humo kabla ya saa tatu kupita, sembuse mtoto. Kwenda polepole na kusimama kila mara huchosha kuliko mwendo wa kawaida. Askari yeyote aliyepata kusimama lindo analijua jambo hilo. Mashuani, kinyume chake, ni mahali pa kuketi. Safari ya kawaida huchukua kama saa moja, abiria wamekaa chini ya paa la kioo, na gati mojawapo iko karibu kabisa na jumba lenyewe. Huuzwa tikiti za mambo yote mawili kwa pamoja, lakini makumbusho huwa na saa maalumu ya kuingia, basi yafaa tikiti ikatwe mapema. Watoto walio chini ya miaka 18 huingia makumbusho bila malipo, jambo ambalo baba mwenye watoto wanne hatalidharau. Mashuani watoto hulipa, ingawa kwa kawaida bei yao hupunguzwa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ile picha.

Jengo la sasa la Rijksmuseum ni kazi ya Pierre Cuypers, nalo lilifunguliwa mwaka 1885. Lilifungwa kwa matengenezo makubwa mwaka 2003, na lilipofunguliwa tena mwaka 2013 karibu kila kitu ndani yake kilikuwa kimehamishwa mahali pake, isipokuwa picha moja tu. Hiyo ni picha ya Rembrandt ya mwaka 1642 iitwayo De Nachtwacht, yaani Lindo la Usiku. Kimo chake kinazidi mita 3 na nusu, na upana wake unazidi mita 4. Mtu anayesimama mbele yake huwaona watu wakimjia, karibu wakiwa na ukubwa wa binadamu walio hai.

Watu hao ni kikosi cha kapteni Frans Banninck Cocq, na luteni wake ni Willem van Ruytenburch. Hawakuwa askari wa mshahara. Walikuwa raia wenye mali, waliojiunga kulinda milango na kuta za mji wao na kuzima fujo ilipotokea. Vita vya Waholanzi na Wahispania vilivyoanza mwaka 1568 vilikuwa havijakwisha, lakini mapigano yalikuwa mbali na Amsterdam, na kazi za vikosi hivyo zilikuwa zimepungua zikabaki kwa sehemu kubwa gwaride, karamu na heshima. Waliotaka wachorwe walichanga fedha. Mmoja wao alitoa ushahidi baadaye kwamba kila mtu alilipa gilda 100 kwa wastani, huyu zaidi, yule pungufu, kwa kadiri ya mahali alipowekwa katika picha.

Kabla ya Rembrandt wachoraji waliwapanga walinzi kama hao kwa mistari, nyuso zote zikimtazama mtazamaji, ili asilalamike aliyelipa. Rembrandt alikataa mtindo huo. Alichagua nukta ile ambayo kapteni ananyosha mkono na kumwamuru luteni wake kikosi kiondoke. Amri imetoka, lakini safu haijafungwa. Bendera inainuliwa, mikuki inagongana, ngoma inapigwa na mbwa anaibwekea. Katika vurugu hiyo mchoraji amepanga fundisho la silaha: mtu wa mavazi mekundu anashindilia baruti katika gobori lake, wa pili analifyatua, wa tatu anapuliza masalio ya baruti. Hatua tatu, watu watatu. Aliyefunzwa shabaha ataona mara moja kosa lililo baya, kwamba risasi inafyatuliwa nyuma tu ya kofia ya luteni, katikati ya wenzao. Kamanda wa leo angemfunga mtu kwa jambo hilo. Watoto nao watamtafuta msichana wa nguo inayong'aa, mwenye kuku aliyekufa kiunoni. Kucha za kuku yule zilikuwa alama ya kikosi.

Jina la picha si sahihi, maana si usiku. Lilitolewa zaidi ya miaka 100 baadaye, vanishi ilipokuwa imekwisha fifia na kuwa nyeusi. Picha iliposafishwa baada ya Vita Kuu ya Pili, mwanga wa mchana ulirudi.

Picha ya walinzi imehitaji walinzi. Mwaka 1911 mtu mmoja aliishambulia kwa kisu, vanishi nene ikaikinga. Mwaka 1975 mwingine aliikata vibaya kwa kisu cha mkate, akapasua mipasuo mirefu, hata mlinzi alipomkabili. Mwaka 1990 wa tatu aliimwagia tindikali, na walinzi wakawahi kuimwagia maji. Tindikali haikupita vanishi, rangi ya Rembrandt ikasalimika. Tofauti ya kupona na kuangamia ilikuwa nukta chache, na watu waliozitumia vizuri walikuwa watu wa sare, wanaosimama mchana kutwa penye chumba ambamo kwa kawaida halitokei jambo lolote.

Shambulio lililodhuru kupita yote, hata hivyo, halikufanywa na mwenda wazimu. Lilifanywa na wenye mamlaka. Mwaka 1715 picha iliondolewa katika ukumbi wa kikosi ikapelekwa katika jumba la halmashauri ya mji. Ukuta ulikuwa mdogo, wakaikata picha pande zote nne, na upande wa kushoto ndio uliopoteza zaidi. Vipande havikuonekana tena. Mwaka 2021 wataalamu wa jumba la makumbusho walitumia kompyuta, wakisaidiwa na nakala ndogo iliyochorwa zamani kabla ya ukataji, wakaziunda upya sehemu zilizopotea na kuzitundika kwa muda kandokando ya picha. Watu wakaona kwa mara ya kwanza baada ya miaka 300 kwamba kapteni na luteni hawakuwekwa katikati hasa: walisogezwa kando, ili mbele yao pawe na nafasi ya kwenda.

Kabla ya kutoka, yafaa mtu asimame katika ukumbi ule ule mbele ya picha ndogo ya Johannes Vermeer, isiyofika nusu mita kwa kimo. Ni ya mtumishi wa jikoni anayemimina maziwa, na mkate uko mezani. Mama wa nyumbani ataona kwamba mchoraji aliijua kazi ile: mkono wa chini unabeba uzito, wa juu unaongoza, na maziwa yanatiririka membamba kama uzi. Vermeer alifariki mwaka 1675 akaacha mjane, watoto wengi na deni kubwa kwa mwoka mikate, ambaye alichukua picha mbili kuwa rehani.

Sasa mashua. Mifereji mikubwa mitatu, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilianza kuchimbwa mwaka 1613, nayo huuzunguka mji wa kale kama pete zilizokatwa nusu. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Kina chake ni kama mita 3 tu, na kila mwaka huopolewa humo baiskeli kwa maelfu, habari ambayo huwaamsha watoto waliokwisha anza kusinzia. Nyumba za kando ni nyembamba na ndefu, ngazi zake za ndani zimesimama mno hata kabati halipandi. Ndiyo maana juu ya kila paa umetoka mti wenye kulabu, ili mizigo ivutwe kwa kamba na kuingizwa dirishani. Nyingine zimeinamia mbele kidogo, mzigo usikwaruze ukuta.

Nyumba hizo za zamani zimesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa matopeni mpaka kwenye mchanga mgumu. Gogo lililozama daima majini halipati hewa, kwa hiyo halikawii kuharibika tu bali laweza kudumu karne nyingi. Maji yakishuka likapata hewa, huoza. Lile jumba la halmashauri lililoikata picha, ambalo leo ni jumba la kifalme, limesimama juu ya magogo 13,659. Watoto wa Kiholanzi huikumbuka hesabu hiyo kwa siku za mwaka, 365, wakitia 1 mbele na 9 nyuma.

Fedha za kujengea zilitoka wapi? Hapa mwongozaji wa mashua hutaja biashara ya viungo na meli za kampuni ya Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1602, kisha hupita haraka. Lakini katika Herengracht, nambari 502, ipo nyumba ambayo ni makao rasmi ya meya wa Amsterdam. Ilijengewa Paulus Godin, mmoja wa wakuu wa kampuni ya Magharibi iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika. Mji wenyewe ulikuwa mmoja wa wenye hisa katika shirika lililotawala Suriname, ambako watumwa walilima miwa. Mwaka 2021 jumba la Rijksmuseum lilifanya maonyesho ya utumwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo meya, Femke Halsema, aliomba radhi kwa niaba ya mji. Waziri mkuu aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2022, na mfalme mwaka 2023. Msomaji Mwafrika anayepita chini ya madirisha yale ana haki ya kujua hayo kabla hajaisifu nakshi.

Katika Prinsengracht, nambari 263, mashua hupunguza mwendo, na abiria wenye kelele hunyamaza. Nyuma ya nyumba hiyo walijificha watu wanane, Wayahudi wote, kwa zaidi ya miaka miwili, mmoja wao akiwa msichana Anne Frank aliyeandika habari zake za kila siku. Katika miaka ile ile, Lindo la Usiku nalo lilikuwa limefichwa. Lilivingirishwa katika pipa refu, likahamishwa kutoka mahali mpaka mahali, likahifadhiwa mwishowe katika mapango ya mlima karibu na Maastricht, likarudi salama mwaka 1945. Wale wanane hawakuwa na pango. Walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Aliyeongoza ukamataji alikuwa mtu wa SS ya Hitler, lakini waliofuatana naye walikuwa polisi wa Kiholanzi, raia wa nchi ile ile. Akapona mmoja tu, baba yake Anne. Mji uliojivunia walinzi wake hata ukawatundika ukutani, siku ile ulitoa walinzi wa namna nyingine; na mtu aliyetoka kuitazama picha asubuhi hawezi kupita hapo bila kuwafikiri wote pamoja. Kuingia ndani ya nyumba hiyo hutaka tikiti iliyokatwa siku nyingi kabla, kwa hiyo mgeni wa siku moja huiona kwa nje tu, kutoka majini.

Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la Westerkerk. Humo alizikwa Rembrandt mwaka 1669, katika kaburi lisilo na alama. Alikuwa amefilisika mwaka 1656, na nyumba yake nzuri ikauzwa. Kapteni Banninck Cocq yeye aliendelea kupanda cheo, akawa mmoja wa mameya. Nyumba yake iitwayo De Dolphijn ingali imesimama kando ya mfereji wa Singel, nambari 140 na 142, yenye mapaa mawili ya ngazi pande kwa pande.

Mwisho wa safari, mashua nyingi huingia mto Amstel. Karibu na mnara wa Munt, pale mto unapokutana na mfereji wa Kloveniersburgwal, ipo hoteli kubwa. Mahali hapo ndipo ulipokuwa ukumbi wa kikosi, na picha ilitundikwa humo kwa miaka 70 na zaidi kabla ya kukatwa, ukuta wake ukielekeana na madirisha yaliyotazama mtoni. Mashua zote hazifuati njia moja. Kabla ya kulipa, mgeni na amwulize mwuza tikiti kama chombo chake kitapita Prinsengracht na Amstel. Akijibiwa hapana, ziko gati nyingine, hazihitaji mwendo mrefu.