Kengele Si Hukumu

Nimechoka kuambiwa kwamba mbinu za programu zilizowasaidia wanafizikia kuipata chembe ya Higgs mwaka 2012 zitamnasa pia mwizi katika mtandao wa kompyuta wa ofisi. Si uongo mtupu, na ndiyo maana maneno hayo yanauzika. Lakini wanaotuletea bidhaa hiyo wamechukua mtambo, adabu yake wakaiacha huko huko Geneva.

Niwatendee haki kwanza. Pale CERN, katika handaki la kilomita 27 lililo chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, mtambo ukiwa kazini makundi ya protoni hukutana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna ghala la kuyahifadhi yote hayo. Basi kichujio cha kwanza huamua kufumba na kufumbua na kutupa karibu kila kitu. Cha pili hupima kwa utulivu zaidi, yakabaki matukio elfu chache tu kwa sekunde. Mtandao wa ofisi nao ni mafuriko ya namna hiyo, na karibu yote yapitayo humo ni halali. Kuazima kichujio ni akili nzuri. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu unaanza kengele inapolia. Chukua kichujio kinachokosea mara moja tu katika elfu. Mtandao wenye miunganisho milioni moja kwa siku utakupa kengele elfu moja za bure kila siku, hata kama mwizi hayupo kabisa. Wanafizikia wanalijua hilo. Kabla ya kutamka kwamba wamegundua kitu, hudai uwezekano wa kelele za kawaida kuzaa alama kubwa kiasi hicho usizidi takriban mmoja katika milioni 3.5. Tena mara nyingi huweka kanuni za kuchuja kabla ya kufunua data yenye jibu, wasije wakajipendelea.

Desemba 2015 timu mbili za CERN zilionyesha kivimbe katika michoro yao. Dunia ya fizikia ikapagawa, makala mamia yakaandikwa. Wenye mtambo hawakudai ugunduzi. Walikusanya data zaidi, na Agosti 2016 kivimbe kikayeyuka. Ilikuwa kelele tu.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza ya kwetu. Katika ofisi moja niliyofanya kazi kengele ililia usiku: mafaili mengi yanatoka kwa jina la karani mmoja, kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Asubuhi akapewa barua ya kusimamishwa kazi mbele ya wenzake. Mimi, mlinzi wa mtandao, nilisimama pale nikanyamaza. Siku ya nne nikaona kilichotokea: ilikuwa programu ya kuhifadhi nakala, iliyosajiliwa kwa jina lake na mtu aliyekuwa na haraka. Mtu huyo ni mimi. Kijana aliitwa arudi, hakurudi.

Chembe isiyo na mke wala mtoto ilipewa miezi minane. Yeye hakupewa hata siku moja.

Watasema mwizi hangoji. Kweli, hangoji, basi kata muunganisho, funga mlango, badilisha maneno ya siri saa hiyo hiyo. Hayo hayamhukumu mtu. Na kuna jambo ambalo wachuuzi hawalitaji kamwe: protoni haijui kwamba inatazamwa. Mwizi anajua. Hukisoma kichujio chako, kisha hujivika sura ya karani mwaminifu, hata kengele ikilia imlilie asiyehusika.

Mchuuzi wa mwisho aliyenijia nilimwuliza swali moja tu: katika kengele mia za mtambo wako, ngapi ni za kweli? Akacheka, akafunua ukurasa mwingine wa kitabu chake chenye picha za rangi.