Mathenge Haitaki Panga, Yataka Sururu

Ndugu zangu wa Ng'ambo, Salabani na Marigat yote, juzi mama mjamzito wa kijiji chetu alibebwa kwa machela kuzungushwa mbali, kwa sababu njia ya mkato ya zahanati imefungwa na miti ya miiba ya mathenge. Wabebaji walifika miguu inavuja damu, maana hata huko kuna miiba. Na njia hiyo ilifyekwa kiangazi kilichopita! Walikuja watu wa mradi, wakatugawia glovu na fulana, tukapigwa picha, tukalipwa, tukarudi nyumbani. Visiki tuliviacha usawa wa goti. Mvua iliponyesha kila kisiki kilitoa machipukizi tele, na leo hata mbuzi hapenyi pale.

Ilikotoka mathenge mnajua. Ililetwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ikishirikiana na shirika la FAO, ati izuie jangwa na itupe kuni. Wazee wetu walikwenda kushtaki, wakamfikisha mbuzi kibogoyo hadi mahakamani Nairobi, majaji wajionee maganda yake matamu yanavyoozesha meno. Mwaka 2008 serikali ikaitangaza gugu hatari. Tangazo halijang'oa hata mche mmoja.

Waliotuletea balaa hili wana deni nasi, na tusiache kuwadai. Lakini nani aliyeacha visiki? Nani anayekata shina nene la makaa, akapakia magunia yake, akakiacha kisiki kichipue mara kumi? Ni sisi. Kuchoma makaa ya mathenge si kosa, tena yana moto mzuri. Kosa ni kuacha kisiki. Kikundi cha makaa kisichochimba visiki kisipewe ruhusa na kijiji kukata tena, hata kama mwenyekiti wake ni shemeji wa chifu.

Kazi yenyewe ni hii. Chimba kuzunguka shina, ukate mzizi chini ya udongo, shubiri moja kwenda chini, maana macho ya kuchipulia yako pale karibu na uso wa ardhi. Panga haifiki huko. Mvua ikinyesha, miche ing'olewe kwa mkono ingali laini. Hata watoto wanaiweza. Panda nyasi papo hapo, ardhi isikae uchi. Mbuzi aliyekula maganda asipelekwe mahali palipong'olewa, kwa kuwa mbegu hupita tumboni mwake zikiwa nzima na kuota kwenye samadi. Maganda tuyaokote, tuyasage yawe chakula cha mifugo. Mbegu iliyosagwa haioti tena. Mashine ya kusagia itabidi tuitafute, na kaunti isukumwe. Namna ya kuisukuma tutaipanga barazani.

Ninajua kuna watakaosema bila posho hawatoki. Je, mama yule alilipwa posho kubebwa kwenye miiba? Malisho ya babu zetu kandokando ya ziwa yamekwisha, ng'ombe wetu wanahamishwa, nasi tumekaa tukisubiri gari la mradi mwingine. Hiyo ni aibu, nami nasema, atakayekasirika akasirike.

Jumamosi alfajiri tukutane kwenye njia ya zahanati, tuanze pale. Mwenye sururu aje nayo, mwenye jembe alete jembe, na asiye na nguvu atuletee maji ya kunywa. Jumamosi ya pili turudi, na ya tatu. Nawasihi, ndugu zangu, njooni kabla mvua haijaanza.