Embe la Tano

Mwezi huu tunaanza na aibu yetu wenyewe. Mtoto wetu wa miaka mitano alirudi kutoka chekechea na kosa kubwa la wino mwekundu daftarini. Aliambiwa achore maembe matano, naye alichora manne, na pembeni kitu kama yai lenye manyoya. Bila kumwuliza neno, tulimgombeza kwa uzembe. Usiku, akiwa kitandani, ndipo aliposema, "Mama, la tano nimelila. Ile ni kokwa yake."

Kumbe hesabu aliijua! Hatumlaumu mwalimu, mwenye watoto wengi katika chumba kimoja. Sisi tulikuwa na mmoja tu mbele yetu.

Wako wazazi waliolitafakari jambo hili zamani. Mwaka 1945, vita vilipokwisha nchini Italia, watu wa kijiji cha Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia, waliuza kifaru, malori na farasi wa jeshi la Kijerumani lililokimbia, ili wajenge shule ya watoto wadogo. Matofali waliyatoa katika nyumba zilizobomolewa, na akina mama walikuwa mstari wa mbele. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alikwenda kwa baiskeli kujionea, na kazi hiyo hakuiacha mpaka alipofariki mwaka 1994. Manispaa ya mji huo ilifungua shule yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1963.

Huko mwalimu huandika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, hupiga picha, huhifadhi michoro. Kisha walimu huketi pamoja na kujiuliza: Mtoto huyu alikuwa akitafuta nini? Tulimsaidia, au tulimkatiza? Kesho tumwekee nini mezani? Kumbukumbu hizo hubandikwa ukutani ili wazazi nao wasome. Hazina maksi.

Tusiseme hayo ni ya wenye fedha. Daftari dogo na kalamu vinatosha. Tuandike tarehe, alichofanya mtoto na alichosema. Tusiandike "ana akili" au "ni mtundu", kwa maana hiyo ni hukumu yetu, siyo habari zake. Tuandike, "Amepanga vifuniko vya soda kuanzia kidogo hadi kikubwa, akasema hiki ni baba." Tuandike pia tulivyomjibu, hapo ndipo penye uchungu. Katika wiki ya kwanza tuligundua kwamba mara nyingi tulijibu, "Ngoja, nina kazi." Na kweli kazi zipo, sufuria haiwezi kungoja. Lakini mara mbili kwa wiki, dakika chache anapocheza karibu na jiko, zinapatikana.

Daftari lile la maembe tulilipeleka kwa mwalimu. Alimwita mtoto, akamwuliza mwenyewe. Kosa lile bado lipo, ila chini yake sasa pameandikwa kwa wino uleule mwekundu: "Kokwa. Ameniambia."