Mweso: Tukikimbia, fundi anakimbia na sisi

Leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya maharagwe sokoni. Nawaletea maoni yangu mwenyewe, na asiyekubaliana nami anipinge.

Wiki iliyopita mama mmoja alinifuata sokoni akiwa amebeba sanduku limefungwa ndani ya kitenge. Ni sanduku la umeme wa jua, lile linalouzwa pamoja na pano, ampuli tatu na waya wa kuchaji simu. Alilichukua kwa mkopo, akawa analipa kidogo kidogo kwa simu, na deni lilikuwa limepita nusu. Vita vilipomfukuza kijijini aliacha mbuzi na shamba la maharagwe, lakini sanduku alilibeba mgongoni na pano akamtwisha mtoto wake mkubwa kichwani. Sasa haliwaki. Alipiga namba ya kampuni, akajibiwa: peleka dukani Goma. Nauli ya motari kwenda Goma na kurudi, tena na vizuizi vya njiani, inapita deni lililobaki.

Akaenda kwa fundi. Fundi akapima kwa mashine yake ya waya mbili, akasema: « Mama, pano ni nzima, nadhani ni waya tu ndani. Lakini angalia hii alama ya kampuni. Nikiifungua, watasema umeharibu wewe, na deni litabaki lako. » Basi wiki tatu familia nzima inakaa gizani kwa sababu ya waya ambao fundi angeuunganisha kwa dakika kumi. Jina la kampuni siliandiki. Shida hii naisikia kwa wateja wa zaidi ya kampuni moja, na kutaja moja kungekuwa kuzisafisha zingine.

Tuseme ukweli wote kwanza. Kampuni hizi zimetufanyia mema. Wengi wetu tumesoma shule kwa mwanga wa katadowa, moshi ukijaa puani, na mahema na nyumba za nyasi zimeungua kwa ajili ya petroli. Mtindo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu ulishika nguvu Kenya tangu 2012, kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza vifaa hivyo kwa watu wasio na mshahara wala akaunti ya benki. Hapa kwetu Kongo, kampuni ya Altech ilianzishwa mwaka 2013 na Washikala Malango na Iongwa Mashangao, watoto wa Kivu Kusini waliokulia ukimbizini Tanzania. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nachukia kampuni. Watu waliokimbia kama sisi wanaweza kuijenga kampuni.

Lakini tuangalie kazi hiyo inavyokwenda. Ndani ya sanduku kuna batri na kichwa kidogo kinachohesabu siku. Ukilipa, unapata namba za kubonyeza, au kampuni inalifungua kwa njia ya mtandao. Siku zako zikiisha, linazima. Likiharibika, uko chini ya garanti, na garanti inasema asiliguse mtu mwingine ila mfanyakazi wa kampuni. Kwa mji wenye amani, mpango huo una akili. Unahitaji mambo matatu tu: barabara, mtandao wa simu, na wakala anayekaa karibu.

Sasa niambieni, ndugu zangu, ni lipi kati ya hayo matatu tunalo kila siku hapa Mweso? Mnakumbuka mwezi wa kwanza wa 2024. Tarehe 25 mabomu yaliangukia hapa senta, watu 19 au zaidi wakafa, na maelfu wakajibanza ndani ya Hospitali Kuu ya Mweso. Wakala gani angekuja siku zile? Mwaka uliofuata, mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita vilifika Goma yenyewe. Mabenki yakafunga, uwanja wa ndege ukafungwa, na duka tuliloambiwa tupeleke vitu vyetu likawa ndani ya mji ambao watu wake nao walikuwa wanatafuta pa kujificha.

Siwalaumu mawakala. Mtu ana haki ya kuokoa roho yake. Ninacholaumu ni mpango unaoweka ufunguo wote mkononi mwa mtu mmoja aliye mbali, halafu siku ya shida mtu huyo hayupo.

Fundi naye hukimbia. Tofauti ni kwamba anakimbia pamoja na sisi. Namjua mmoja ambaye nyumba yake iliporwa mara mbili. Mara zote mbili aliondoka na mfuko mmoja: turnavisi, chuma cha kuchomelea, kile kipimo chake, na kopo la vipande alivyotoa kwenye simu zilizokufa. Siku ya tatu kambini alikuwa ameshaweka meza, yaani mbao juu ya bidoni mbili, na foleni ya watu mbele yake. Mwenye franka alitoa franka. Mwenye maharagwe alitoa maharagwe. Asiye na kitu aliandikwa kwenye daftari. Kifaa changu cha kurekodia sauti, ambacho bila hicho msingenisikia hewani, amekitengeneza mara nne. Ukifungua utacheka: tundu la kuchajia limetoka kwa simu, na kifuniko kimeshikwa na mpira wa tairi ya ndani. Lakini kinafanya kazi.

Wengine watasema, mwandishi huyu anatusumbua na mambo ya taa na radio wakati watu wanakosa chakula. Nawajibu hivi. Hapa kwetu radio siyo starehe. Kwa radio mama anajua kama njia ya Kalembe inapitika kabla hajatia watoto barabarani. Kwa simu yenye chaji baba aliyepotezana na mke wake Kitshanga anampata. Kwa ampuli moja muuguzi wa kituo kidogo cha afya anaona damu inatoka wapi wakati mama anajifungua usiku. Kitu kidogo kikikosa kutengenezwa, ni mtu anayeumia.

Na mafundi pia niwaseme, maana wasiposemwa hawatajirekebisha. Kuna wanaofungua simu nzima, wakatoa kipande kizuri na kuweka kibovu. Kuna wanaonunua simu za wizi bila kuuliza, na jioni mwenye simu anaiona inauzwa mezani. Kuna wanaounganisha batri za lithiamu zilizovimba bila kuogopa, kumbe batri hiyo inaweza kulipuka ndani ya hema ambamo watoto wamelala. Kampuni zinapotuambia « msimpe fundi wa mtaani », hofu yao haina uongo wote. Dawa yake lakini siyo kumfungia fundi mlango. Dawa ni kumfundisha na kumwekea sheria.

Hilo halijaanza kwetu. Nchi tajiri nazo zimechoka na makampuni makubwa yanayotaka kila kitu kirudi kwao. Ufaransa, kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021, ililazimisha wauzaji wa simu, televisheni na mashine za kufulia waandike alama inayoonyesha kama kifaa kinatengenezeka kwa urahisi. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwezi wa sita 2024, na nchi zake zilipewa hadi tarehe 31 mwezi wa saba 2026 kuanza kuitumia. Sheria hiyo inawataka watengenezaji wa vifaa kama simu na friji wauze vipuri kwa bei ya haki, na wasitumie ujanja wa programu au wa mkataba kumzuia fundi wa kujitegemea bila sababu halali.

Huko kuna barabara za lami na duka kila pembe, na bado wameona fundi wa kujitegemea alindwe. Sisi tusio na barabara tunamhitaji mara ngapi zaidi? Na tusisahau kwamba Rubaya, hapa hapa Masisi, ndiko kunakotoka karibu 15% ya tantali ya dunia, ile inayotokana na koltani na inayoingia ndani ya simu. Kijana wetu anaichimba kwa mikono yake. Simu ikishatengenezwa na kurudi, anaambiwa asiifungue.

Basi naomba nini? Kwa kampuni zinazouza umeme wa jua Masisi na Walikale naomba mambo matatu. La kwanza, mchague katika kila senta fundi mmoja au wawili ambao watu wanawaamini, muwafundishe, muwape karatasi, ili kazi ndogo kama waya, fyuzi na tundu zifanyike hapa bila kuvunja garanti. La pili, mteja akimaliza deni, sanduku liwe lake kweli: lifunguke moja kwa moja, na vipuri viuzwe kwa yeyote. La tatu, familia ikikimbia vita, kuhesabu siku kusimamishwe. Mtu anayelala porini hawezi kulipia mwanga asiouona.

Kwa mashirika ya misaada: asante kwa taa na radio mnazogawa kambini. Lakini mkihesabu pesa za kununua taa, hesabuni pia za kuzitengeneza. Taa nyingi zinazotupwa nyuma ya mahema zimekufa batri tu. Mkiweka meza moja ya fundi kambini na sanduku la batri mpya, mtaokoa taa, na kijana aliyehama atapata kazi.

Kwa mafundi wetu: jiungeni. Muwe na daftari moja la mafundi wa Mweso, mmpe kila mteja kikaratasi chenye tarehe, ugonjwa wa kifaa, bei, na siku ambazo mnajibu kama kikiharibika tena. Atakayenunua simu ya wizi atolewe kwenye daftari, na shefu wa mtaa ajulishwe. Hamuwezi kudai heshima ya kampuni bila kuchukua mzigo wake.

Na kwetu sisi wateja: tusisaini mkataba tusioelewa. Muuzaji akija na sanduku zuri, muulize mbele ya majirani: likiharibika, nani atalitengeneza hapa Mweso? Nikikimbia, deni litakuwaje? Asiyeweza kujibu hayo mawili, mwache aondoke na sanduku lake.

Yule mama bado yupo. Nilipompitia jana, sanduku lilikuwa kwenye pembe ya hema, ndani ya kitenge kile kile, na alama ya kampuni haijaguswa, maana anaogopa deni. Fundi yuko tayari, na chuma cha kuchomelea kiko tayari. Kinachokosekana ni neno moja la ruhusa. Kama kuna mkubwa wa kampuni anayesoma hapa na akajitambua, anitafute. Nitampeleka kwa mama huyo mimi mwenyewe.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Mweso.